Uhakiki: Zana za Kupanga Kurasa za Mtandaoni na Kiswahili Kinachotupwa

Mwanafunzi wetu mmoja alituletea karatasi iliyochapwa akauliza: "Mwalimu, programu imeutupa ukurasa huu, imesema si Kiswahili. Mbona mimi nimeuelewa wote?" Tuliusoma pamoja naye. Ulikuwa na mazungumzo ya wafanyabiashara wa Buyenzi: salamu ya Kirundi mwanzoni, "niko nasema" badala ya "ninasema", na maneno kadhaa ya Kifaransa kuhusu bei na forodha. Darasani hakuna aliyeshindwa kuuelewa.

Swali hilo ndilo lililotusukuma kuandika uhakiki huu. Siku hizi wanafunzi wa Kiswahili huvuna kurasa nyingi kutoka kwenye intaneti ili wapate mifano ya matumizi ya lugha kwa ajili ya tasnifu zao. Kurasa zikishavunwa, hazina budi kupangwa, kwanza kwa lugha, halafu kwa mada. Kwa kuwa hakuna awezaye kusoma maelfu ya kurasa kwa macho, hutafutwa programu, na mara nyingi huchukuliwa ile iliyosifiwa kwa alama za juu. Kwa maoni yetu, kigezo hicho hakitoshi. Zana inayofaa ni ile ambayo makosa yake tunaweza kuyaona na kuyasahihisha sisi wenyewe.

Tuanze na utambuzi wa lugha. Zana inayotumika sana ni fastText iliyotolewa na kampuni ya Facebook, ambayo kitambuzi chake kina orodha ya lugha 176. Ni nyepesi, haina malipo, na hufanya kazi haraka hata kwenye kompyuta ya kawaida. Kiswahili kimo katika orodha hiyo. Kirundi na Kinyarwanda hazimo. Matokeo yake ni kwamba ukurasa wa Kirundi ukiingia, mtambo hauwezi kusema "hiki ni Kirundi". Utaupa jina la lugha nyingine iliyo kwenye orodha, pamoja na kiwango cha uhakika. Mtumiaji ndiye huweka mpaka, na kila kilicho chini ya mpaka huo hutupwa. Mpaka ukiwa chini, Kirundi huweza kuingia katika kapu la Kiswahili. Ukiwa juu, Kiswahili chetu cha Bujumbura, chenye mchanganyiko wake, hutoka pamoja na takataka.

GlotLID, iliyotolewa mwaka 2023, ni afadhali kwetu, kwani inatambua lugha zaidi ya 1,600, zikiwemo Kirundi na Kinyarwanda. Hata hivyo, tusidhani kwamba orodha ndefu imemaliza tatizo. Lugha hizo mbili zinasikilizana, na katika maandishi mafupi ni rahisi moja kuchukuliwa kuwa nyingine. Isitoshe, ukurasa wenye lugha tatu hauna jina moja lililo sahihi.

Sasa tuje kwenye mada. Programu za zamani huhesabu maneno mazima. Kwa Kiingereza njia hiyo husaidia sana, lakini Kiswahili hujenga maneno kwa viambishi. Anacheza, walicheza, atakayecheza, mchezaji na michezo huhesabiwa kama maneno matano yasiyo na undugu. Kwa hiyo tunapendekeza zana inayotazama pia vipande vya herufi, au inayochambua kwanza mofolojia, kama alivyofanya Arvi Hurskainen wa Helsinki katika mfumo wake wa SALAMA. Hata hapo, neno peke yake hudanganya. "Kiungo" yumo katika timu ya mpira, kimo mwilini na kimo katika pilau. Ni maneno jirani yanayotuonyesha tuko wapi.

Lakini kasoro kubwa zaidi, kwa mtazamo wetu, haimo katika hesabu. Imo katika majina ya makapu. Mwaka 2020 Davis David wa Tanzania alitoa mkusanyiko wa habari za Kiswahili uliopangwa kwa mada, miongoni mwake kitaifa, kimataifa, michezo na burudani. Ni kazi ya kupongezwa, na wengi wameitumia kufunza mitambo yao. Hata hivyo, habari hizo zilitoka katika vyombo vya Tanzania. Kwa mhariri wa Dar es Salaam, habari ya Bujumbura ni ya kimataifa, na hana kosa. Mwanafunzi wetu akiuchukua mtambo uliofunzwa hivyo bila kuuliza, atajikuta ameiweka nchi yake mwenyewe katika kapu la nchi za nje.

Mkusanyiko wa MasakhaNEWS wa mwaka 2023 unakwepa mtego huo. Una lugha 16 zinazotumika Afrika, Kiswahili na Kirundi zikiwemo, na mada zake saba ni biashara, burudani, afya, siasa, dini, michezo na teknolojia. Kwetu sisi wa lugha mbili, kuwa na mpango mmoja wa makapu kwa Kirundi na Kiswahili ni faida kubwa. Lakini elimu haimo, wala kilimo. Ukurasa kuhusu wakulima wa kahawa wa Kayanza utasukumwa kwenye biashara, na ukurasa kuhusu ufundishaji wa Kiswahili hatujui utaangukia wapi.

Tunawashauri wanafunzi wetu hivi. Kabla ya kuchagua zana, chukueni kurasa mia moja mlizovuna wenyewe. Wawili wenu wazipange kwa mkono, kila mmoja peke yake, kisha mlinganishe. Mkishindwa kukubaliana ninyi wawili, msiulaumu mtambo. Rekebisheni makapu kwanza. Halafu ipimeni kila programu kwa kurasa hizo hizo, na mtazame kila kapu peke yake. Tuseme kurasa 80 kati ya 100 ni za siasa: mtambo unaosema "siasa" kila mara utapata alama 80 bila kutambua hata ukurasa mmoja wa afya.

Mwisho, msifute kilichokataliwa. Kiwekeni katika faili lake na mlisome. Tunakubali kwamba kazi hiyo huchosha, na tasnifu ina tarehe yake ya kuwasilishwa. Lakini mwalimu wa kesho atakayetegemea mkusanyiko wenu hataona kilichotupwa. Ataamini kwamba Kiswahili cha Buyenzi hakikuandikwa kamwe.

Ukurasa wa yule mwanafunzi tumeurudisha kapuni. Bado tunajadiliana naye auweke katika biashara au katika mada mpya.