Mito ya Krismasi na Unyevu wa Kakamega

Katika nyumba nyingi za Kakamega mapambo ya makochi hufuata kalenda. Desemba, jamaa wa Nairobi na Mombasa wanapoanza kurejea nyumbani kwa Krismasi, foronya za kila siku huvuliwa na nyekundu, kijani na dhahabu zikachukua nafasi yake, huku migongo ya viti ikifunikwa vitambaa vyeupe vya kroshia. Sherehe zikiisha, mapambo hayo hufungiwa kwa takriban miezi kumi na moja. Mengi huharibika katika miezi hiyo ya kufungiwa, wala si katika wiki chache za kukaliwa.

Chanzo kikubwa ni hewa yenyewe. Mji wa Kakamega uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, karibu na msitu mkubwa wa mvua, na kaunti hupata mvua ya kati ya milimita 1,280 na 2,214 kwa mwaka. Kilele cha masika ni Aprili na Mei, kisha mvua hurudi tena kuanzia Agosti. Kipindi kikavu zaidi ni Desemba hadi Februari. Pamba hunyonya unyevu kutoka hewani hata kama haijaguswa na tone la maji: hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 65, pamba hubeba maji yapatayo asilimia 7 hadi 8 ya uzito wake mkavu, ilhali polyesta haifikishi hata asilimia 1. Hewa ikizidi asilimia 70 hivi na kubaki hapo kwa siku nyingi, kuvu huota, hasa kwenye kitambaa chenye jasho, mafuta ya nywele au mabaki ya chai na soda. Kwa hiyo kitambaa cha kroshia cha pamba tupu kiko hatarini zaidi kuliko foronya ya polyesta yenye nakshi inayouzwa sokoni kwa bei nafuu, ingawa ndicho kilichogharimu jioni nyingi za kufumwa.

Hatua ya kwanza ya uhifadhi mzuri ni kutenganisha foronya na ujazo. Mto wa kochi wa sentimita 45 kwa 45, wenye unene wa sentimita 15, huchukua nafasi ya lita 30. Mito kumi ni lita 300, yaani zaidi ya pipa zima la lita 200. Foronya kumi zilizokunjwa mara nne haziwezi kuzidi lita tano au sita. Nyumba inayoweka ujazo mmoja tu wa kudumu, ikabadilisha foronya kulingana na msimu, imejiondolea karibu tatizo lote la nafasi. Pia inauokoa ujazo wenyewe: sponji iliyobanwa miezi mingi chini ya mizigo hupoteza uwezo wa kurudi katika umbo lake, na nyuzi za polyesta hujikusanya mabonge. Ndiyo maana mifuko ya kunyonywa hewa, inayosifiwa sana kwa kuokoa nafasi, haifai kwa mito ya sponji.

Hatua ya pili ni kufua, na hapa haraka huleta hasara. Doa la sukari halionekani likiwa bichi. Hugeuka kahawia likiwa limekwisha kufungiwa. Sabuni isiyosuuzwa vizuri hugeuza kitambaa cheupe kuwa cha manjano. Wanga, ambao wengi hutia kwenye kroshia ili isimame, unapaswa kusubiri hadi Desemba ijayo. Mende huula, na vilevile yule mdudu mdogo wa rangi ya fedha anayekaa katikati ya kurasa za vitabu. Kitambaa kilichotiwa wanga kikafungiwa kimeandaliwa kuwa chakula.

Kukausha ndiko kunakoamua mengine yote, na Januari ndiyo nafasi bora ya mwaka. Foronya za rangi huanikwa zikiwa zimegeuzwa ndani nje, kwa sababu jua kali hufifisha nyekundu haraka. Kroshia nzito hulazwa juu ya shuka safi badala ya kutundikwa, isije ikavutika kwa uzito wa maji. Saa za kuanika ni kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Baada ya hapo hewa huanza kupoa na unyevu wake kupanda, na pamba iliyokauka vizuri mchana huanza kunyonya tena jioni. Wanaosubiri hadi kazi nyingine zote ziishe ndipo waanue na kufungia magharibi, hufungia kitambaa pamoja na maji. Kuanua kunafaa kufanyika alasiri, vitambaa vikapoa ndani ya nyumba kwa muda mfupi, na chombo kikafungwa kabla ya jioni.

Chombo kilichozoeleka ni sanduku la bati, lile linalotengenezwa na mafundi wa jua kali na kubebwa na wanafunzi wa shule za bweni. Lina sifa kubwa: panya hawalipenyi, wala mchwa. Udhaifu wake ni kwamba bati hupoa haraka usiku, na mvuke uliomo ndani hugeuka kuwa matone kwenye kuta zake. Likiwekwa moja kwa moja sakafuni, ya udongo au ya saruji, chini hupata kutu, na doa la kutu kwenye kitambaa cheupe ni miongoni mwa madoa magumu zaidi kutoa. Dawa yake ni rahisi: sanduku hukaa juu ya matofali au vipande vya mbao, mbali na ukuta wa nje, na ndani hutandikwa shuka kuukuu jeupe. Gazeti halifai, kwani wino wake huhamia kitambaani. Zipu za chuma nazo hufunikwa kwa kipande cha kitambaa. Dari chini ya mabati haifai pia, maana huko joto la mchana na baridi ya usiku hupishana kila siku.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, iliyokuwa ikitumika sana kuhifadhia nguo, ilipigwa marufuku nchini kuanzia Agosti 28, 2017. Mifuko laini ya kitambaa cha sintetiki iliyochukua nafasi yake hupitisha hewa, hivyo haizuii unyevu wa masika. Kifaa kilicho bora kimekuwa ghalani muda wote: mfuko wa mahindi usiopitisha hewa, wa aina ya PICS, uliobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani, mwanzo kwa ajili ya kunde. Una mifuko miwili ya plastiki ndani ya gunia la nje. Ghalani huua wadudu kwa kuwakosesha oksijeni. Kwa foronya, faida yake ni kuzuia unyevu, mradi usiwe na tundu. Mfuko huo ukiwekwa ndani ya sanduku la bati, plastiki huzuia mvuke na bati huzuia panya. Lakini kitambaa kilichofungiwa kikiwa na unyevu ndani ya mfuko huo kitaoza upesi kuliko kilichoachwa wazi.

Wakulima hupima ukavu wa mahindi kwa chumvi na chupa, na chumvi hiyohiyo yafaa hapa. Kifuniko chenye kijiko cha chumvi kavu, kikiwekwa kwenye kona ya sanduku, hutoa ushahidi usiohitaji mashine: chumvi huanza kulowa hewa inapofikia unyevu wa asilimia 75, na ya mezani mara nyingi hulowa mapema kidogo. Sanduku linafaa kufunguliwa baada ya masika, katika asubuhi yenye jua ya Juni au Julai. Chumvi ikiwa imelowa, vitambaa vyote huanikwa upya.

Linabaki suala la vidonge vyeupe vya naftalini, vinavyotupwa ndani ya masanduku karibu kwa mazoea. Kazi yake ni kuzuia viwavi wa nondo, na viwavi hao hula sufu, manyoya na hariri. Hawali pamba safi wala polyesta. Kwa mapambo mengi ya makochi, basi, vidonge hivyo havilindi chochote, na madhara yake ni ya kweli. Magharibi mwa Kenya ni eneo la malaria, na kama ilivyo katika maeneo mengine ya malaria, upungufu wa kimeng'enya cha G6PD ni wa kawaida miongoni mwa watu. Mvuke wa naftalini kwa mtoto mchanga mwenye upungufu huo huweza kuvunja chembe nyekundu za damu, akageuka manjano macho na ngozi na kuishiwa damu. Mto uliotoka kwenye naftalini na kuegeshewa mtoto siku ya Krismasi ni hatari isiyo na sababu.

Mbadala unaota jirani. Wakulima wa kikundi cha Muliru, kando ya Msitu wa Kakamega, hulima mwonyi, mmea wa jamii ya mrehani wenye mafuta ya kafuri, ambao wakishirikiana na kituo cha utafiti cha icipe na Chuo Kikuu cha Nairobi hutengenezea dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Majani makavu ya mwonyi, yakifungwa kwenye kitambaa chepesi, hutoa harufu ambayo wadudu wengi huikwepa. Hayapunguzi unyevu hata kidogo, na hayawezi kuokoa kitambaa kilichofungiwa kibichi.

Kuvu ikishaota, foronya hupigwa brashi nje ya nyumba, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa, kisha hufuliwa kwa maji ya moto yanayovumilika na kuanikwa juani. Sponji iliyoota kuvu hadi ndani haitibiki, hutupwa.