Pointi 33 za Babcock na Fainali Ambayo Pitt Haikuiona

Mlioitazama nusu fainali ya mpira wa wavu ya wanawake wa vyuo vya Marekani ya Desemba 19, 2024 pale KFC Yum! Center, Louisville, mnaikumbuka kwa namba moja: 33. Hizo ndizo pointi alizofunga Olivia Babcock kwa smashi, na bado Pittsburgh (Pitt) ikatolewa na wenyeji Louisville kwa seti 3-1. Tangu siku hiyo inasimuliwa kama habari ya shujaa aliyeangushwa na wenzake. Mimi sikubali. Pointi 33 ndizo zilizoiua Pitt, na walioacha zifike 33 walikuwa wamekaa kwenye benchi la ufundi.

Haki yao niwape kwanza. Kocha Dan Fisher aliileta timu iliyopangwa namba moja kati ya zote 64, iliyofungwa mechi moja tu msimu mzima, na iliyoanza kwa kuchukua seti ya kwanza 25-21. Tuendelee.

Uamuzi ninaousema haukutangazwa popote, lakini ulionekana. Kila mambo yalipobana, seta Rachel Fairbanks aliupeleka mpira kulia kwa Babcock, na benchi likaridhia. Mzunguko mnaujua: seta akiwa mstari wa mbele, Babcock yuko nyuma, na mbele wanabaki wapigaji wawili tu. Ni katika mizunguko hiyo mitatu ambapo mchezaji wa kati anatakiwa apewe mpira wa kasi, hata kama hatafunga, ili mzuiaji wa kati wa upande wa pili aogope kuondoka mahali pake. Pitt wakafanya kinyume. Mpira ulipaa mrefu kwenda nyuma ya mstari wa mita tatu, upande wa kulia, ukionekana na kila mtu ukumbini hadi muuza bisi.

Tazameni hatua moja tu ya mguu. Mzuiaji wa kati asiye na hofu ya mpira wa kasi hasubiri Babcock aruke. Anaondoka seta anapogeuza mabega. Hatua hiyo moja ya mapema ndiyo inayotofautisha bloku yenye tundu katikati na bloku ya watu wawili iliyofungwa kabisa. Bloku ikifungwa, libero Elena Scott aliye nyuma yake hana haja ya kubahatisha: njia ya pembeni imezibwa, mpira utakuja mshazari, na yeye anausubiri pale pale. Babcock ana mkono wa kupenya hata hapo, ndiyo maana akafikisha 33. Namba hiyo, hata hivyo, haituonyeshi mipira iliyookolewa ikageuzwa kuwa shambulio la Louisville, wala haionyeshi ni mara ngapi msichana yule alitua, akarudi nyuma, akaruka tena. Louisville hawakuhitaji kumzima. Walihitaji apige mara nyingi, akiwa mbali na wavu.

Sasa rudini kwenye matokeo. Seti ya pili 25-23. Ya tatu 29-27. Hizo ni seti za mpira mmoja mmoja. Katika seti ya namna hiyo, mpira mmoja wa katikati ambao hakuna anayeutarajia una thamani kuliko smashi tatu ambazo uwanja mzima unazisubiri. Kidole kimoja hakivunji chawa, hata kiwe na urefu wa Babcock wa futi sita na inchi nne.

Najua nitakachojibiwa: mapokezi yaliyumba, na mpira ukiwa mbali na wavu huwezi kumlisha mtu wa kati. Ni kweli kwa baadhi ya mipira. Lakini hata mapokezi mabovu yanamwachia seta njia mbili, na kushoto alikuwepo Torrey Stafford, mpigaji ambaye timu nyingi zingemjengea mfumo mzima. Msimu ulipoisha alihamia Texas.

Halafu kuna seti ya nne, ambayo mpaka leo inaniudhi. Anna DeBeer, mhimili wa Louisville, aliumia kifundo cha mguu, akatolewa, na hata fainali hakucheza. Timu iliyopoteza mhimili wake ndiyo iliyoshinda seti hiyo kwa 25-17. Tofauti ya pointi nane! Mtu akitoka namna ile, mpango unabadilishwa papo hapo: aliyeingia bila kupasha mwili moto anaelekezewa mipira ya kuanzisha mpaka aombe msamaha, na bloku inahamia kwa wapigaji waliobaki. Kama Pitt walibadilisha chochote, mabadiliko hayo hayakufika kwenye ubao wa matokeo.

Haya si mapya. Desemba 2009, kule Tampa, Texas waliongoza fainali kwa seti 2-0 dhidi ya Penn State. Destinee Hooker alifunga pointi 34 usiku ule na akapewa tuzo ya mchezaji bora wa mashindano akiwa upande ulioshindwa. Penn State walirudi wakachukua seti tatu mfululizo, ya mwisho 15-13, na huo ukawa ushindi wao wa 102 bila kufungwa. Hooker alikuwa pia bingwa wa vyuo wa kuruka juu, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hakuruka vya kutosha. Thelathini na nne, thelathini na tatu, na wote wawili wakarudi nyumbani bila ubingwa.

Upande wa pili wa wavu siku ile alikuwepo seta wa Penn State, Alisha Glass, na hapa sitaficha mapenzi yangu. Glass alikuwa na Megan Hodge, ambaye angeweza kumpa kila mpira na asilaumiwe na mtu. Hodge alimaliza na 21. Mipira iliyobaki Glass aliigawa kwa Blair Brown, kwa Arielle Wilson pale katikati, kwa yeyote ambaye mzuiaji alikuwa amempa mgongo. Mwaka mmoja kabla, 2008, timu hiyo ilicheza mechi 38 ikashinda zote na kupoteza seti mbili tu. Glass hakusubiri mambo yabane ndipo aanze kutafuta wa kati. Wa kati alikuwa amekwisha kutumika tangu pointi ya tano.

Na kwa kuwa tumefika kwa maseta: sheria ya 2024 ya kuacha kupuliza mguso mara mbili kwenye mpira wa pili, mradi mpira ubaki upande huo huo, niliipinga ilipotoka na ninaipinga leo. Wanasema inaachia mchezo utiririke. Mimi naona imeondoa adhabu ya mikono mibovu, na seta asiyeogopa filimbi huridhika kuusukuma mpira mrefu pembeni.

Pitt yenyewe ina rekodi isiyo na mfano wake. Nusu fainali tano mfululizo, hakuna fainali hata moja. Mwaka 2021 walitolewa na Nebraska. Mwaka 2022, Omaha, Louisville waliwafunga seti ya tano 15-2, matokeo ambayo hata wachezaji wa shule wangeyaonea aibu. Mwaka 2023 ni Nebraska tena, 3-0. Babcock hakuwepo katika miaka miwili ya kwanza, kwa hiyo mzigo huu asibebeshwe yeye. Watu hupenda kuitaja Florida ya kocha Mary Wise kama timu kubwa kuliko zote zisizo na taji, lakini Wise alifika fainali mara mbili, 2003 na 2017. Kwa ubora wa wachezaji, Pitt ya 2024 naiweka juu ya Florida zote mbili, na ndiyo maana nina hasira nayo zaidi.

Nusu fainali ya tano ilikuja Desemba 2025, Kansas City: Fairbanks hayupo, Stafford hayupo, Babcock yupo. Texas A&M 3, Pitt 0. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia yao A&M kufika nusu fainali, na siku chache baadaye wakaifunga Kentucky 3-0 na kuchukua ubingwa.