Kazi Moja, Majina Mengi

Miongoni mwa kazi za ufundi zisizopata sifa ni ile ya kutunza programu nyingi za simu ambazo kila moja ina jina, rangi na nembo ya mteja wake, ilhali zote zinatokana na msimbo mmoja, yaani maandishi yale yale ya maagizo yanayoiongoza simu. Mjini Birmingham ufundi wa aina hii ulikuwapo zamani. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1820, Josiah Mason alitengeneza huko ncha za chuma za kalamu, James Perry akaziuza London kwa jina la Perry, na wengi walioandikia kalamu hizo hawakumjua aliyezitengeneza.

Katika viwanda vya kalamu vya mji huo, ambamo wafanyakazi wengi walikuwa wanawake, jina la muuzaji lilipigwa kwa mhuri juu ya kipande cha chuma kilichokwisha kulainishwa kwa moto, kabla hakijapindwa na kukazwa. Mhuri huo ulikuwa na mashine yake ya peke yake, na fundi aliupandisha uzito wake kwa mguu kisha akauachia uanguke. Alipokuja mteja mwingine, kilichobadilishwa kilikuwa mhuri, na vifaa vya kukatia, kutobolea na kupindia vikabaki vilivyo. Mashine hizo leo hutazamwa makumbushoni.

Mtunza programu stadi hufuata utaratibu uo huo: jina, rangi na nembo huwekwa katika faili la usanidi, yaani faili la mipangilio ya mteja mmoja, na msimbo wa wote haumtaji mteja yeyote. Siku hizi, kwa bahati mbaya, mteja akija na haraka zake msimbo mzima hunakiliwa, na ikigundulika kasoro ya usalama huzibwa katika nakala inayokumbukwa tu. Wengine, wakijiona waangalifu zaidi, huchomeka sharti la mteja huyu hapa na la yule pale, hadi msimbo ukawa kanzu ya viraka.

Mason alitumia sehemu ya mali yake kuanzisha chuo cha sayansi kilichofunguliwa mwaka 1880, ambacho ndicho kilichozaa Chuo Kikuu cha Birmingham mwaka 1900. Watunza programu hawadai majengo; wapewe japo muda wa kutenga cha mteja na cha wote kabla programu haijapelekwa sokoni.