Kuokoka na Kuokolewa: Unyenyekevu katika Shajara za Livingstone za Kabambare

Kurasa ambazo David Livingstone aliziandika Kabambare, mahali alipopaita Bambarre, zimesomwa kwa muda mrefu kama ushuhuda wa Mkristo aliyenyang'anywa kila kitu akabaki na Mungu wake tu. Alifika huko tarehe 21 Septemba 1869 akaondoka mara ya mwisho tarehe 16 Februari 1871. Kati ya tarehe hizo alijaribu mara kadhaa kuufikia mto Lualaba, akashindwa, akarudi. Wasifu wake uliozoeleka hukipita kipindi hiki upesi ili umfikie Stanley pale Ujiji, lakini ukikigusa hukigusa kwa maneno mawili: unyenyekevu na tegemeo. Maneno hayo si ya uongo. Jambo linalostahili uhakiki ni namna yalivyowekwa katika matini, na nani aliyeondolewa ili yapate kukaa vizuri.

Kwanza yafaa hali yenyewe ielezwe. Mwezi Juni 1870 Livingstone alitoka kuelekea Lualaba akiwa na watu watatu tu waliokubali kumfuata, yaani Susi, Chuma na Gardner. Wengine walikuwa wamemkataa. Chuma alikuwa Myao aliyekombolewa utumwani mwaka 1861 akiwa mtoto. Susi alitoka Shupanga kwenye mto Zambezi. Gardner alilelewa katika shule ya watoto waliokombolewa huko Nasik, Bara Hindi. Msafara huo mdogo haukufika. Miguu ya Livingstone iliota vidonda vilivyomla nyama, na tarehe 22 Julai alirejea Kabambare akaingia nyumbani asitoke. Alitoka tarehe 10 Oktoba, baada ya siku 80. Dawa iliyomfaa, asema mwenyewe, ilikuwa jiwe la kijani la malakiti, lililosagwa kwa maji na kupakwa kwa unyoya. Ameandika pia kwamba akiwa Manyema aliisoma Biblia nzima mara nne.

Mara nne! Hapo ndipo waandishi wa wasifu wanapotua, na ni haki yao. Lakini msomaji wa Kabambare, anayejua masika ya huko na bei ya mchele, huuliza swali jingine: katika siku hizo 80, nani alimpikia?

Jibu limo katika shajara zenyewe, limetawanyika. Muhammad bin Gharib, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, ndiye aliyemwuguza Livingstone mwanzoni mwa mwaka 1869 alipougua mapafu, akaamuru achukuliwe kwa machela hadi ziwa Tanganyika. Ndiye aliyefuatana naye kutoka Ujiji hadi Kabambare. Bidhaa za Livingstone zilikuwa zimeibwa au kukwama njiani, na mara nyingi chakula chake kilitoka kwenye akiba ya watu ambao biashara yao aliitangaza duniani kote kuwa ni dhambi kubwa. Yeye mwenyewe hakulificha jambo hili. Aliandika kwa shukrani juu ya wema wa Muhammad, na kwa uchungu juu ya kazi yake, wakati mwingine kwa umbali wa mistari michache.

Kiswahili kinaweza kumsaidia mhakiki hapa kuliko lugha aliyoiandika Livingstone. Makanisani, katika Kongo ya mashariki kama ilivyo Kenya na Tanzania, mtu aliyepokea wokovu husemwa kuwa "ameokoka". Kitenzi hicho kimo katika kauli ya kutendeka, na kauli hiyo haipokei mtenda. Hakuna asemaye "ameokoka na fulani". Kauli ya kutendwa, "ameokolewa", ina mlango wazi: ameokolewa na nani? Wanatheolojia watajibu kwamba mwenye kuokoa ni Mungu, kwa hiyo hakuna haja ya kumtaja kila mara. Jibu hilo latosha kwa roho. Kwa mtu mwenye vidonda vya miguu huko Kabambare mwaka 1870 halitoshi, kwa sababu Mungu alimwokoa kwa mikono iliyokuwa na majina.

Kitabu kilichotangaza habari hizi kwa ulimwengu, The Last Journals, kilihaririwa na kasisi Horace Waller na kutolewa mwaka 1874, mwaka uleule Livingstone alipozikwa Westminster Abbey. Mwaka 1987 Dorothy Helly alichapisha uchunguzi ulioonyesha, kwa kulinganisha chapa na miswada, jinsi Waller alivyochagua na kufuta ili amtoe mtakatifu wa enzi yake. Hata hivyo isidhaniwe kwamba mkono wa mhariri ulikuwa mmoja. Waller alitegemea zaidi daftari kubwa ambamo Livingstone mwenyewe alinakili na kurekebisha maandishi yake ya safarini. Maandishi ya kwanza kabisa yalikuwa kwenye vipande vya karatasi na magazeti ya zamani, kwa kuwa karatasi zilimwishia, na wino aliutengeneza kwa mbegu za mmea wa huko. Wino huo ulififia hata usisomeke. Mwaka 2011 kundi la wataalamu lililoongozwa na Adrian Wisnicki lilitoa shajara ya 1871 iliyosomwa upya kwa kupigwa picha chini ya mianga ya aina mbalimbali, na kazi hiyo ikaendelezwa kwa shajara ya 1870. Hivyo leo msomaji ana tabaka tatu mbele yake: kauli ya papo kwa papo, kauli iliyonakiliwa, na kauli ya Waller. Kadiri anavyoshuka kuelekea tabaka la kwanza, ndivyo anavyokutana na mtu mwenye hasira, mashaka na aibu.

Mfano ulio bora zaidi hauhitaji hata mianga hiyo. Umo katika kitabu cha Waller, katika maandishi yanayofungua mwaka 1871. Livingstone anaanza kwa sala fupi mno, akimwomba Baba amsaidie kuimaliza kazi kwa heshima Yake. Sala hiyo imenukuliwa mara nyingi kama kilele cha unyenyekevu, na ikisomwa peke yake ni kweli kwamba haina neno la ziada. Lakini haiko peke yake. Mara baada yake anaeleza kwamba angali amezuiliwa Bambarre, ila kuna habari ya msafara wa bunduki 500 utokao pwani, huenda ukamletea watu na bidhaa. Kisha mvua. Kisha mwanamke aliyeuawa karibu na kambi kwa kudhaniwa mchawi. Kisha hukumu: Wamanyema ni washenzi wenye kumwaga damu na wasio na huruma kupita wote awajuao.

Mtiririko huu ndio matini yenyewe, na kuikata sala ni kuiharibu. Sala yamtegemea Mungu. Sentensi ifuatayo yautegemea msafara, na msafara wenyewe ni wa bunduki. Aliyejishusha mbele ya Baba katika mstari wa kwanza amekwisha kupanda kiti cha hakimu kabla ukurasa haujaisha, akilihukumu taifa zima ambalo katika ardhi yake amepata kuponea. Haimkingi kusema kwamba alikuwa amechoka. Wala haifai kumgeuza kuwa mnafiki, kwa maana mtu huyuhuyu mahali pengine aliandika, kwa kejeli njema, kwamba wanaume wa Manyema wangewashinda kwa umbo la kichwa wanachama wote wa chama cha wanaanthropolojia cha London. Hoja ni nyembamba kuliko hiyo. Unyenyekevu unaoelekea juu tu, usioelekea kando, ni nusu ya unyenyekevu. Ndugu wa uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 walilifahamu jambo hili walipodai kwamba toba isemwe mbele ya wenzako. Kwa kipimo chao, ukurasa huu ungerudishwa kwa mwandishi wake.

Watu hao wa uamsho walikuwa na neno lao kuu, kuvunjika, wakimaanisha moyo ulioacha kiburi. Katika shajara za Kabambare neno hilo lina sura nyingine, na hapa ndipo maandishi ya Livingstone yanapozidi kimo cha wasifu wowote ulioandikwa juu yake. Anaeleza ugonjwa wa ajabu kuliko yote aliyoyaona katika nchi hiyo: kuvunjika moyo. Uliwapata watu huru waliotekwa na kufanywa watumwa. Hawakuwa na homa wala kidonda. Walipoulizwa maumivu yako wapi, waliweka mkono juu ya moyo, barabara mahali pake, kisha wakafa. Maelezo yake ni ya daktari. Hahubiri, hatafuti fundisho, na kwa sababu hiyo hayachakai.

Kiswahili cha Maniema huitwa Kingwana, yaani lugha ya waungwana, watu wasio watumwa. Jina hilo lilikuja na misafara ileile iliyowateka wale waliokufa wakiwa na mkono kifuani. Basi fundisho la kujishusha lilipofika baadaye Kasongo na Kabambare pamoja na misioni, lilisemwa katika lugha ambayo jina lake ni la watu walioinuliwa, kwa watu ambao wengi wao walikuwa wameshushwa kwa nguvu. Kunyenyekea ni tendo la hiari. Mtenzi wake ni yule anayejishusha. Kudhalilishwa hakuna hiari. Mhubiri asiyetenganisha vitenzi hivi viwili anaweza, bila kukusudia, kumwambia aliyedhalilishwa kwamba hali yake ni adili. Na mtaalamu wa fasihi anayemsifu Livingstone kwa unyenyekevu wa siku 80 naye hana budi aulize ni kitenzi kipi kinachohusika. Vidonda havikuwa hiari yake. Kukubali chakula cha Muhammad kulikuwa hiari, na pengine hilo ndilo tendo lake la unyenyekevu lililo halisi, ingawa hakuliita hivyo.

Kuna upande mmoja ambao tegemeo lake kwa Mungu lilimpotosha waziwazi. Aliamini kwamba Lualaba ni mto Nile. Akiwa amelala Kabambare aliwaza juu ya Musa na visa vya kale vya safari zake katika nchi za juu za Nile, akatamani kugundua kitu kitakachothibitisha Maandiko. Hivyo kuendelea kwa safari kukawa sawa na mapenzi ya Mungu, na kila aliyekataa kwenda akawa kizuizi cha kazi Yake. Watu kumi waliotumwa kutoka Unguja, watumwa wa wafanyabiashara wa Kihindi, walipofika tarehe 4 Februari 1871 wakagoma na kudai nyongeza ya malipo, yeye hakuona ndani ya mgomo huo swali lolote juu ya haki yao. Mwaka 1877 Stanley, aliyeufuata mto hadi bahari, alionyesha kwamba Lualaba ni Kongo. Mungu alikuwa ameombwa aidhinishe ramani isiyo sahihi.

Siku moja baada ya watu hao kufika, tarehe 5 Februari, Livingstone alimwandikia Waller barua kutoka Bambarre. Barua hiyo nayo ilififia, ikasomwa tena mwaka 2010. Humo anakiri kwamba amechoka kabisa, kwamba hana hakika kama wataonana tena, na kwamba maneno hayo ni ya macho ya Waller tu. Kwa hiyo mhariri alijua. Alipopanga kurasa za kitabu chake alikuwa na rafiki aliyemwambia siri ya kuvunjika kwake, akachagua kuwapa wasomaji utulivu. Uamuzi huo waweza kuitwa uaminifu kwa rafiki. Katika uhakiki hauwezi kuitwa uaminifu kwa matini, kwani barua hii ina unyenyekevu mwingi kuliko sala kumi zilizochapishwa: haijipambi, inamwomba msomaji mmoja tu anyamaze.

Picha ya mwisho ambayo dunia inayo juu ya mtu huyu ni ya kifo chake kwa Chitambo, Mei 1873, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda. Picha hiyo ilimfikia Waller kwa vinywa vya Chuma na Susi, ambao pamoja na wenzao waliuchukua mwili hadi Bagamoyo. Mwaka 1874 waliletwa Uingereza, wakawasili baada ya maziko, wakamsaidia Waller kuyaelewa madaftari. Ndio waliokuwa Kabambare katika siku zile 80. Walijua jiwe lilisagwa na nani, maji yalichotwa wapi, na bwana wao alisema nini aliposhindwa kusimama. Waller aliwasikiliza kwa makini juu ya magoti ya Chitambo na kuyaandika kwa kirefu. Juu ya miguu ya Kabambare kitabu kina maneno ya Livingstone tu.