Ilani za Kamera Mahali pa Ujenzi

Kwenye uzio wa mabati unaozunguka jengo linalojengwa, aghalabu huwekwa kibao chenye maneno haya au yanayofanana nayo: "Eneo hili linalindwa kwa kamera." Sarufi yake haina kasoro. Kasoro imo katika maana.

Kulinda ni kuzuia madhara yasifike. Mlinzi wa langoni hulinda; kamera hutazama na kurekodi. Tena kitenzi hicho kimo katika kauli ya kutendwa na mtenda hatajwi, hivyo msomaji hajui ni nani anayezitazama picha: mkandarasi, mwenye jengo, au kampuni ya ulinzi. Kibarua hujiona analindwa, kumbe picha hizo hizo zaweza kutumika kuhesabu dakika alizochelewa kazini.

Suala hili si la ufasaha tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei, 2023, inataka mtu ajulishwe madhumuni kabla taarifa zake hazijakusanywa. Neno linaloficha tendo halimjulishi mtu.

Ilani zilizo ndefu zaidi zina dosari nyingine: "Taarifa zako zitachakatwa." Istilahi hiyo imekwisha kukubalika maofisini na katika vitabu vya kompyuta, wala hatuipingi huko. Lakini kwa watu wengi kinachochakatwa ni mkonge au korosho. Kibaoni yafaa kitenzi hicho kivunjwe katika vitendo vyake: kuhifadhi, kutazama, kufuta. Vivyo hivyo, "faragha" ni neno zuri la haki inayotajwa katika Ibara ya 16 ya Katiba ya 1977. Ila kichwa "Ilani ya Faragha" chaweza kumfanya mpita njia adhani kuwa ilani yenyewe ni ya siri. Afadhali "Ilani ya Kamera".

Tunapendekeza mfano huu, jina na idadi ya siku zikijazwa kwa ukweli wa kila mahali: "Mkandarasi (jina) anarekodi kwa kamera watu wote wanaoingia hapa, ili azuie wizi na achunguze ajali. Huzifuta picha baada ya siku 30. Ukitaka kuona picha zako, mwulize msimamizi wa ujenzi."

Maneno yameongezeka, lakini kila kitenzi kina mtenda wake. Mkandarasi akizitumia picha hizo kukata ujira, kibarua atakuwa na maneno ya kumshikia.