Bwawa la Kuogelea Nyumbani Bariadi: Namna ya Kuitambua Kazi Bora ya Fundi

Lambo la kunyweshea ng'ombe Usukumani hustawi kwenye mbuga. Udongo huu mweusi wa bondeni ukipata maji huvimba, nyufa zake zikajifunga, na maji ya masika yakabaki juu yake kwa miezi. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, uliotekelezwa kati ya mwaka 1947 na 1956, uliacha malambo na mabwawa mengi katika nchi hii ya wafugaji na wakulima wa pamba.

Udongo huohuo ni adui mkubwa wa bwawa la kuogelea la zege. Kiangazi kikishika, kuanzia Juni hadi Septemba, mbuga hunywea na kupasuka. Mvua ikirudi, huvimba tena. Lambo halidhuriki, maana lenyewe ni udongo, nalo huvimba na kunywea pamoja na ardhi iliyolizunguka. Zege halina unyumbufu huo. Likisukumwa huku na kuvutwa kule, hupasuka.

Kwa hiyo mjuzi anayeitwa kukagua bwawa linaloongezwa kwenye nyumba iliyokwisha kujengwa Bariadi, Maswa au Lamadi mkoani Simiyu haanzi na rangi ya vigae. Anajua kwamba sehemu kubwa ya ubora wa bwawa hufukiwa kabla mwenye nyumba hajachovya hata kidole.

Kazi ya kujenga bwawa si ngeni nchini. Ikulu ya Husuni Kubwa katika Kisiwa cha Kilwa, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ilikuwa na bwawa la kuogea lenye pande nane, na umbo lake linaonekana hadi leo katika magofu. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, sultani huyo akiwa madarakani. Lakini waashi wa Kilwa walikuwa na msingi wa mwamba wa matumbawe, ambao hauvimbi wala haunywei. Fundi wa Simiyu hana neema hiyo, na ustadi wake hupimwa kwanza kwa jinsi anavyoishughulikia ardhi.

Ardhi na mahali pa shimo

Miaka ya 1930, mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani, alionyesha kwamba udongo wa Afrika Mashariki hubadilika kwa mpangilio kutoka kilimani hadi bondeni. Wakulima wa Kisukuma walikuwa wakiutumia mpangilio huo tangu zamani: luseni yenye mchanga huko juu, itogolo yenye tabaka gumu chini yake, kisha mbuga nyeusi bondeni. Kiwanja kimoja cha mjini kinaweza kugusa aina mbili. Bwawa lililoketi nusu kwenye luseni na nusu kwenye mbuga litainuliwa upande mmoja, na ufa utatokea pale udongo unapobadilika.

Fundi mzuri huchimba shimo la majaribio linalopita kina cha sakafu ya bwawa kwa mita moja hivi. Kipimo cha kwanza hakihitaji maabara. Udongo uloweshwe, ujazwe kwenye kopo, kisha uanikwe juani hadi ukauke. Ukiachana na kingo za kopo na kuacha mwanya mpana, ni udongo unaovimba na kunywea, na hapo mhandisi lazima aitwe kabla ya sululu kugusa ardhi. Dawa iliyozoeleka ni kuuondoa udongo mweusi chini na pembeni mwa bwawa, kujaza moramu kwa tabaka za sentimita 15 hivi, na kushindilia kila tabaka kwa mashine. Kifusi cha udongo mweusi kikirudishwa nyuma ya kuta ili kuokoa nauli ya lori, kazi imekwisha kuharibika.

Nyumba iliyopo nayo ina haki zake. Ukivuta mstari wa mshazari wa nyuzi 45 kuteremka kutoka kitako cha msingi wa nyumba, shimo lisiukate. Kwa hiyo shimo linaloshuka mita 2 chini ya kitako hicho lianze mita 2 au zaidi kutoka ukutani. Bwawa likae pia mbali na shimo la maji taka, na mbali na mwarobaini, ambao mizizi yake hufuata unyevu.

Nondo na zege

Ziara muhimu kuliko zote ni ile ya siku moja kabla ya kumwaga zege. Nondo zikiwa wazi, kila kitu kinahesabika. Katika udongo unaovimba, mjuzi hutarajia kukuta matabaka mawili ya nondo, unene na nafasi zake zikilingana na mchoro uliosainiwa na mhandisi aliyesajiliwa. Nondo zisilale kwenye udongo. Ziwe zimeinuliwa kwa vipande vidogo vya zege ili zizungukwe na zege la milimita 50 upande unaogusa ardhi. Nondo iliyoegemea udongo hupata kutu, kutu huvimba, na zege humeguka kutoka ndani.

Kuta za tofali zilizopigwa plasta nzito ni rahisi, na kwenye mbuga ni hasara. Bora ni sakafu na kuta za zege lenye nondo, zikimwagwa kwa mfululizo. Pale ambapo kazi italazimika kusimama, pawe na mkanda wa kuzuia maji uliozamishwa katika kiungio.

Siku ya kumwaga, jicho litazame ndoo ya maji. Fundi mvivu huongeza maji ili zege liteleze bila kusumbua, na kila ndoo ya ziada huacha vinyweleo ambavyo baadaye vitavujisha. Maji yasizidi nusu ya uzito wa saruji. Zege ligandamizwe kwa vaibreta, likaguliwe pembeni mwa mabomba, na vipande vya mchemraba vya sentimita 15 vitengwe kwa kupimwa nguvu baada ya siku 28. Upepo mkavu wa Bariadi hukausha uso wa zege kwa saa chache, kwa hiyo kazi ianze alfajiri, na zege lifunikwe kwa magunia yaliyolowa kwa siku 7 au zaidi. Magunia makavu siku ya tatu yanatosha kumweleza mwenye nyumba fundi wake ni wa aina gani.

Jaribio la maji

Bwawa lijazwe kabla ya kuwekwa vigae. Likae wiki moja, kwa kuwa zege jipya hunywa maji kidogo siku za mwanzo. Kisha ndoo iliyojaa maji iwekwe kwenye ngazi ya bwawa, kina cha maji ndani na nje ya ndoo kitiwe alama, na baada ya saa 24 alama zilinganishwe. Jua litapunguza maji pande zote mbili sawasawa. Maji ya bwawa yakishuka kuliko ya ndoo, kuna mvujo, na ndio wakati wa kuutafuta. Mvujo kwenye mbuga hauishii katika kupoteza maji. Hulowesha udongo upande mmoja, udongo huvimba, na bwawa pamoja na msingi wa nyumba huanza kusukumwa.

Kinyume chake nacho ni hatari. Masika, maji ya ardhini yakipanda, bwawa tupu huelea kama mtumbwi na linaweza kung'oka. Mjuzi huuliza iko wapi vali ya kupunguza shinikizo la maji ya chini sakafuni, na bomba la kuyatoa maji yanayojikusanya chini ya bwawa linaishia wapi. Fundi asiyekuwa na jibu hajawahi kufikiria mwezi wa Aprili.

Vigae, ukingo na mashine

Hapa ndipo macho ya kawaida yanapoanza, na yapo ya kuona. Gonga vigae kwa sarafu: mlio wa uwazi una maana kwamba gundi haikufika kote. Tazama mstari wa maji. Maji yaliyotulia hayadanganyi, na yanapaswa kugusa kigae kilekile kwa kimo kilekile kuzunguka bwawa lote. Vigae vya sebuleni vinavyong'aa havifai pembeni mwa maji, kwa sababu huteleza. Ngazi ziwe na kimo kinacholingana, na ncha zake zitofautiane rangi na maji.

Chumba cha mashine hupimwa kwa hesabu. Bwawa la mita 8 kwa 4 lenye kina cha wastani cha mita 1.4 lina takriban lita 45,000. Maji yote yapite kwenye chujio ndani ya saa 6 hadi 8, yaani pampu isukume lita 7,500 kwa saa pale ratiba ni ya saa 6. Chujio la mchanga la kipenyo cha sentimita 60 hivi linatosha. Dogo kuliko hilo litapitisha uchafu. Shirika la Afya Duniani linashauri pH ya 7.2 hadi 7.8 kwa maji yanayotibiwa kwa klorini. Kipimo cha macho ni chepesi: ukisimama ukingoni, wavu wa tundu la chini kabisa uonekane bila kukodoa macho.

Matundu ya kufyonza maji sakafuni yawe mawili au zaidi, mbali kidogo baina yake, na yawe na vifuniko ambavyo mwili wa mtoto hauwezi kuviziba. Marekani ilitunga sheria juu ya jambo hili mwaka 2007, baada ya mtoto wa miaka 7 kunaswa na mvuto wa tundu na kufa. Umeme wa pampu uwe na swichi inayokata mara moja panapovuja umeme, na taa za ndani ya maji ziwe za volti 12. Uzio wa mita 1.2 na lango linalojifunga lenyewe havijadiliwi. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinataja kuzama majini kuwa sababu ya nne ya vifo vya watoto wa mwaka 1 hadi 4.

Maji yatoke wapi

Lita 45,000 ni zaidi ya maboza manne ya lita 10,000. Jua kali likipunguza milimita 5 kwa siku, bwawa hilo hupoteza lita 160, sawa na madumu 8, kila siku. Katika mkoa ambao visima vingine vya Meatu na Maswa vina chumvi na floridi nyingi, na ambao mradi mkubwa wa kuleta maji ya Ziwa Victoria kutoka Busega ulipata idhini ya Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017, bwawa la mtu mmoja halipaswi kunyang'anya bomba la mtaa.

Paa lina jibu. Bati la mita za mraba 200, penye mvua ya milimita 800 kwa mwaka, hukusanya zaidi ya lita 120,000 hata baada ya kutoa kinachopotea. Bwawa la daraja la juu Simiyu lina mifereji ya paa, tangi la akiba, na kifuniko kinachotandazwa juu ya maji lisipotumika. Kisima kikihitajika, kibali huombwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, na ujenzi wenyewe unahitaji kibali cha halmashauri.

Anayekusudia kujenga aandike katika mkataba ukaguzi wa nondo, vipimo vya zege vya siku 28, na jaribio la ndoo kabla ya vigae. Ahakikishe mkandarasi yumo katika orodha ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Na azuie sehemu ya malipo kwa miezi 12, ili bwawa lipite kiangazi kimoja na masika moja kabla ya fundi kulipwa shilingi ya mwisho.