Mbuzi Asiyechinjwa: Ishara ya Wanyama Katika Mambo ya Walawi

Wahakiki wetu wakikuta mnyama katika kazi ya fasihi huharakisha kumpa maana moja: simba ni ubabe, sungura ni ujanja, kondoo ni upole. Katika makala hii nakusudia kuonyesha kwamba njia hiyo haitufikishi mbali tunaposoma ibada za utakaso za Waisraeli wa kale. Humo maana haimo katika mnyama mwenyewe, imo katika safari yake.

Hebu tuanze na usemi wetu, "mbuzi wa kafara". Gazeti likiandika kwamba ofisa fulani kafanywa mbuzi wa kafara, kila mtu anaelewa: kabebeshwa makosa ya wenzake. Lakini mnyama wa kafara, kwa kawaida, huchinjwa. Sasa fungueni Mambo ya Walawi, sura ya 16. Mbuzi ni wawili, wanapigiwa kura. Wa kwanza anachinjwa, na damu yake inatakasa patakatifu. Wa pili anawekewa mikono kichwani na kuhani, makosa ya watu wote yanaungamwa juu yake, kisha anapelekwa jangwani kwa Azazeli akiwa hai. Kumbe anayechinjwa siye anayebebeshwa dhambi! Usemi wetu umewachanganya hawa wawili wakawa mmoja.

Sura ya 14 inarudia mpango huohuo kwa ndege wawili, pale mtu aliyepona ugonjwa wa ngozi anapotakaswa. Mmoja anachinjwa juu ya maji yanayotiririka. Mwenzake anachovywa katika damu hiyo, kisha anaachiwa aruke zake. Tazameni fani yake: mtu alikuwa nje ya kambi, sasa anaingia, ndege anatoka. Wanapishana. Na katika Hesabu 19, majivu ya mtamba mwekundu humtakasa aliyegusa maiti, lakini aliyemchoma mtamba huyo anakuwa najisi mpaka jioni. Yaani uchafu haufutiki tu, unahama.

Sisi wa Mkunya mambo haya hayatupi taabu. Juu ya uwanda wetu hakuna mito. Kabla ya mabomba watu walishuka mabondeni kutafuta maji. Kwa hiyo kudai maji yanayotiririka ni kudai safari. Jandoni nako, wali hutoka kijijini kwenda likumbi, wakarudi watu wengine, na kibanda chao kinachomwa moto huko nyuma.

Msomaji anaweza kunipinga kwa Mishna, iliyokusanywa yapata mwaka 200, inayosimulia kwamba mbuzi yule alisukumwa gengeni akafa. Aliyewahi kusimama Newala ukingoni mwa Shimo la Mungu anaweza kuiona picha hiyo. Lakini Walawi hawasemi hivyo. Nadhani waliosimulia genge waliogopa mbuzi asirudi, na hofu hiyo yenyewe inathibitisha hoja yangu.

Tofauti hii si ndogo. Tukisema mbuzi kachinjwa, tunaona kesi imekwisha. Tukikubali kwamba yu hai, basi makosa yetu nayo yako mahali fulani, mgongoni mwa asiyeyatenda. Ofisa aliyefukuzwa bado anaishi mtaani kwake, na waliokosa bado wako ofisini.

Kwa hiyo, wahakiki wenzangu, kabla ya kuuliza mnyama huyu ni ishara ya nini, tuulize kwanza anatoka wapi na anapelekwa wapi.